Herufi Nono: Kutoka Bango la Volkswagen Hadi Kibodi Yako

Fungua simu yako uangalie apu zote zinazotaka pesa yako. Za mkopo, za kubeti, za kuletewa chakula, za kununua viatu kutoka ng'ambo. Wachana na rangi. Angalia herufi. Nyingi ni nene, hazina kona, na kila mstari unaishia kwa mviringo kama ncha ya kidole. Zinakaa kama mtoto ameshiba. Hakuna hata moja inakaa kama mtu atakayekupigia simu saa kumi na mbili asubuhi, halafu ampigie shangazi yako, kwa sababu ya shilingi elfu mbili.

Hiyo sura haikutokea tu. Kuna watu waliichora, kuna kampuni iliyoilipia, na kuna sababu iliyoifanya ifike kwa simu yako na kwa bango la kinyozi wa mtaa wenu. Nimeifuatilia kwa miezi kadhaa kwa sababu kazi yangu ni kuweka maneno juu ya video, na maneno lazima yavae kitu. Na kwa wale huniuliza nilisomea wapi haya mambo: kampo niliachia mwaka wa pili, na hata ningemaliza, hakuna mtu alikuwa anafundisha hii.

Kwanza tuelewane tunaongea kuhusu nini. Herufi za gazeti na vitabu vingi huwa na vijiguu, vile vimstari vidogo chini na juu ya herufi kama I au T. Ukivikata, unabaki na herufi kavu. Ukinenepesha hiyo kavu, kisha uzungushe kila mwisho wake, unapata kile mimi naita herufi nono. Usiichanganye na Cooper Black, ile ya Oswald Cooper wa Chicago ya mwaka 1922, ambayo wazee wetu waliiona kwenye kava za santuri. Hiyo ina vijiguu, ni vile tu vimevimba.

Na kuzungusha si kubonyeza kitufe. Jicho letu hudanganya. Mstari unaoishia kwa mviringo huonekana mfupi kuliko mstari unaoishia kwa mraba, hata kama rula inasema ziko sawa. Kwa hivyo mchoraji anauvuta kidogo ili uonekane umefika. Halafu kuna pale mistari inakutana, kama kwenye k au M. Herufi ikiwa nene, hapo katikati huwa panajaa weusi kama wino umemwagika, kwa hivyo lazima paondolewe nyama kidogo bila mtu kugundua. Ukiona fonti ambayo mtu alichukua herufi za kawaida akazungusha kona na kompyuta akaenda kulala, utaijua haraka. Inakaa kama sabuni iliyoachwa ndani ya beseni.

Mviringo wenyewe ulianzia kwa vifaa, kabla mtu yeyote hajawaza kuhusu urafiki. Mchoraji wa mabango akitumia brashi ya mviringo, mstari wake unaanza na kuisha kwa mviringo bila yeye kutaka. Wale walisoma uchoraji wa kiufundi sekondari wanakumbuka kuandika kwa stensili na kalamu ya wino, kila herufi ikiwa na kichwa duara kwa sababu ncha ya kalamu ni duara. Mirija ya taa za neoni, hivyo hivyo. Mashine ya kukata mbao au plastiki ina meno yanayozunguka, na kitu kinachozunguka hakiwezi kuchonga kona kali kwa ndani. Marekani, tangu karne ya 19, wachapaji wa mabango walikuwa na herufi za mbao zenye miisho ya duara. Yaani kwa muda mrefu mviringo ulikuwa alama ya kazi ya mkono na mashine. Kuwa sura ya kampuni inayokupenda, hiyo ilikuja baadaye sana.

Mwaka 1970, mchoraji anaitwa Bob Newman alitoa herufi nono kabisa kwa kampuni ya Letraset ya Uingereza. Letraset walikuwa wanauza karatasi zenye herufi unazosugua kwa penseli zinahamia kwa kazi yako, moja moja. Hebu fikiria kusugua kichwa kizima cha habari, herufi kwa herufi, na S ya mwisho ipasuke. Hiyo fonti waliiita Frankfurter, kwa sababu kila herufi inakaa kama soseji imekunjwa. Mimi kila nikipita karibu na toroli ya smoki naiona tu.

Lakini stori yenyewe iko Ujerumani, na inaanza na gari.

Volkswagen Beetle mnaijua. Hata Kenya ina historia nayo. Ilishinda Safari Rally zaidi ya mara moja, ikiwemo mwaka 1962, na ndugu yake mkubwa alituachia neno kombi, ambalo wazazi wetu walitumia kwa gari lolote la aina hiyo hata kama ni Nissan. Sasa angalia Beetle vizuri. Ni gari halina kona. Paa ni duara, taa ni duara, madigadi ni duara. Halafu tafuta matangazo yake ya Marekani kuanzia mwaka 1959, yale maarufu ya wakala wa DDB yaliyomwambia Mmarekani awaze udogo. Herufi ni Futura. Paul Renner aliichora Ujerumani ikatoka mwaka 1927, na ni herufi za rula na bikari: A yake ina ncha kama mkuki, M na N zake zinaweza kutoboa tairi. Renner mwenyewe alikamatwa na Wanazi mwaka 1933, na gari hilo ndilo Wanazi waliotaka liwe gari la watu wote. Miaka ishirini na kitu baadaye wawili hao wanakutana kwenye ukurasa mmoja wa gazeti New York, wanauza gari pamoja. Historia ina ucheshi mchungu.

Kwa hivyo: gari la mviringo, herufi za ncha kali. Na ilikubali sana. Gari lilikuwa tayari linatabasamu, herufi haikuwa na haja ya kutabasamu tena.

Kuanzia mwaka 1964 Volkswagen ilianza kuinunua Auto Union kutoka kwa Daimler-Benz, na hapo ndipo jina la Audi lilifufuka. Sasa kampuni moja ilikuwa na familia mbili. Volkswagen inaongea kwa Futura, Audi inaongea kwa Times, herufi ya vijiguu, ya gazeti, ya mtu amevaa tai. Kwa miaka kadhaa hilo halikuwa tatizo kubwa. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1970 waliamua wauzaji wa magari yote mawili wakae chini ya bango moja lililoandikwa V.A.G, ambalo watu wengi walilisoma kama Volkswagen-Audi Gruppe. Bango moja kwa gari la mwananchi na gari la bosi. Ukiandika kwa Futura, watu wa Audi wanaona wamemezwa. Ukiandika kwa Times, Volkswagen imevaa suti ya kuazima.

Kazi ikaenda kwa ofisi ya wabunifu ya London, Sedley Place. Mmoja wao alikuwa Gerry Barney, na huyu si mtu wa kupita haraka. Katika miaka ya 1960, akiwa bado kijana mchora herufi, ndiye aliyebuni ile alama ya mishale miwili ya reli za Uingereza. Anasimulia kwamba wazo lilimjia akiwa kwenye treni akienda kazini na akalichora nyuma ya bahasha. Alama hiyo ilizinduliwa mwaka 1965 na bado iko kwenye stesheni zao leo. Barney na wenzake walichukua herufi kavu ya kawaida, wakainenepesha, wakazungusha kila mwisho. Ilikuwa tayari mwaka 1979. Ndiyo hii watu wanaiita VAG Rounded.

Sikia nini kilikuwa kimetokea katikati. Mwaka 1974 Volkswagen ilitoa Golf, iliyochorwa na Giorgetto Giugiaro wa Italia, na Golf ni boksi. Kona kila mahali, kama iliyokunjwa kutoka kwa karatasi. Audi nazo zilikuwa zimenyooka vivyo hivyo. Kampuni ilikuwa imeacha kuuza mviringo. Na wakati huo huo gari lilipopoteza mviringo, mviringo ukahamia kwa herufi.

Sijaona mtu wa Volkswagen akisema walipanga hivyo, na sidhani walipanga. Lakini ukiweka picha za Beetle na Futura upande mmoja, na Golf na VAG Rounded upande ule mwingine, ni vigumu kutoona kubadilishana. Bidhaa ikiwa na sura ya upole, jina lake linaweza kuwa kali. Bidhaa ikiwa ngumu, mtu anatafuta upole mahali pengine, na mahali rahisi na pa bei nafuu zaidi ni kwenye jina.

Kimatumizi herufi hiyo ilikuwa na akili. Bango la muuzaji wa magari linatengenezwa na mafundi tofauti katika miji mingi, kwa plastiki, kwa rangi, kwa taa za ndani. Kona kali ndizo huharibika kwanza: rangi inazikosa, taa haiifikii ncha, plastiki inavunjika. Herufi isiyo na kona ina kidogo cha kuharibu. Na unaitambua kutoka upande ule wa barabara hata bila kusoma.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni iliachana na jina la V.A.G, na Volkswagen ikarudi kwa Futura yake. Kawaida fonti ya kampuni ikiachwa hufa, inazikwa kwenye kabati la faili. Hii haikufa kwa sababu mwaka 1989 Adobe walikuwa wameshaitoa kwa ajili ya kompyuta, na mbunifu yeyote angeweza kuipata. Ikaachana na magari ikaanza maisha yake.

Na hapa wengi wenu mnaingia. Mwaka 1999 Apple walitoa iBook, laptopu ya rangi rangi, ya mviringo, kama ya kuchezea, na kwenye vitufe vya kibodi wakaweka VAG Rounded. Baadaye ikaenda kwa laptopu zao nyingine, na mwaka 2007 kwa zile kibodi nyembamba za alumini. Ilikaa hapo hadi mwaka 2015, walipoanza kuibadilisha na fonti yao wenyewe, San Francisco. Kwa hivyo kama uko na ile MacBook Air ya kitambo uliyonunua mitumba katikati ya jiji, betri imevimba na unaitumia ikiwa kwa stima tu, angalia vitufe vyako. Vidole vyako vinagusa herufi za bango la wauza magari wa Ujerumani. Tena ni mchezo ule ule: alumini baridi, kingo nyembamba za kukata mkate, na herufi nono juu yake kukuambia usiogope.

Kwetu wengi lakini hatukukutana na mviringo kupitia Apple. Tulikutana nao saiba. Kwenye kompyuta yenye Microsoft Office, kuna fonti inaitwa Arial Rounded MT Bold. Arial yenyewe ilichorwa mwaka 1982 na Robin Nicholas na Patricia Saunders wa Monotype, na hii ni dada yake aliyenona. Mimi nina nadharia kuhusu kwa nini imejaa kwenye mabango ya saluni, kadi za harambee na matangazo ya shule za chekechea: inaanza na A. Mtu wa saiba ana foleni ya watu watano, mteja anasema anataka iwe nzito na ipendeze, anashusha orodha, hiyo ndiyo nono ya kwanza anakutana nayo. Kazi imeisha, shilingi hamsini. Hakuna kikao cha chapa hapo. Na mara nyingi imekubali kuliko nembo zilizolipiwa mamilioni, kwa sababu kwa chekechea mviringo unasema kweli. Kuna watoto ndani, kuna uji, kuna mpira.

Shida yangu iko pale mviringo unadanganya. Turudi kwa apu za mkopo. Huko nyuma, benki ilikuwa na sura ya benki. Mawe, nguzo, herufi za vijiguu, askari mlangoni. Ulikuwa unaingia ukijua umeingia mahali pa hatari, unavaa shati nzuri, unasoma karatasi. Wabunifu wa apu walielewa kwamba hiyo hofu ndiyo ilikuwa inawazuia watu kukopa, wakaiondoa. Herufi nono, rangi ya peremende, kitufe kikubwa kama biskuti. Lakini ile hofu ilikuwa na kazi! Ilikuwa inakufanya usome masharti. Hadi mwaka 2022 ndipo Kenya ikapata kanuni za Benki Kuu za kuwapa leseni wakopeshaji wa simu, na sehemu ya sababu ilikuwa malalamiko ya watu kuaibishwa mbele ya jamaa na marafiki waliokuwa kwenye kontakti zao. Kanuni zinagusa riba, data, jinsi ya kudai. Hakuna kanuni inagusa sura, na sijui hata ungeiandikaje.

Mwaka jana mteja fulani, simtaji, alinitumia ujumbe anataka nimtengenezee video za kukopesha wanafunzi. Maagizo yalikuwa mstari mmoja: herufi ziwe za kirafiki. Nikauliza riba ni ngapi. Akaniambia hiyo si sehemu ya video. Nikapiga hesabu ya kodi ya nyumba, nikapiga tena, nikamwambia apana. Alipata mtu mwingine wiki hiyo hiyo, na nimeziona hizo video. Herufi zimechaguliwa vizuri sana.

Kuna tatizo lingine la herufi nono ambalo nyinyi mnaoandika Kiswahili kwenye video mtalielewa. Zinakula nafasi. Fonti hizi zilichorwa na watu wanaowaza maneno mafupi kama V.A.G, si neno kama "wanawasababishia". Kiswahili kinabeba sentensi nzima ndani ya neno moja, na kimejaa a. Kwenye herufi nene, tumbo la a ndilo linaziba kwanza ukipunguza ukubwa, kwa hivyo kwenye simu ndogo neno lako linakuwa mstari wa madoa meusi. Na ng' yetu, ile alama ya juu huwa inakaa kama punje ya mahindi imepotea njia. Dawa yangu ni hii: tumia uzito mmoja chini ya ule unaotamani, achanisha herufi kidogo, na ukiwa na neno refu libebe peke yake kwa mstari. Usilipunguze litoshe.

Ambayo inanileta kwa fonti ninayotumia mimi. Inaitwa Nunito. Ukitumia programu za bure za kutengeneza posta, umeshakutana nayo hata kama hukujua jina. Ina miisho ya duara, ina uzito kuanzia mwembamba sana hadi mnene, na ni bure kwa leseni huria: unaitumia, unaibadilisha, unafanyia biashara, hakuna mtu atakutumia barua ya wakili. Hiyo si kitu kidogo kwa soko letu, ambapo nusu ya posta za mtaa zimetengenezwa kwa fonti za kuibwa, na fonti moja ya maana inaweza kugharimu kuliko laptopu iliyoitumia.

Aliyeichora kwanza ni Mwingereza anaitwa Vernon Adams. Alichora pia Oswald, ile ndefu nyembamba unayoiona kwenye vichwa vya habari kila tovuti ya pili. Alikuwa anatoa kazi zake huria wakati wabunifu wengi waliona hilo ni kuharibu soko. Mwaka 2014 alipata ajali akiwa kwenye skuta huko California, akaumia kichwa vibaya, hakurudi tena kwa kazi, na mwaka 2016 akafariki. Kwa sababu leseni ilikuwa huria, kazi haikukwama kwenye kompyuta yake. Jacques Le Bailly aliichukua Nunito akaipanua, akaongeza uzito wote ule, akatengeneza pia Nunito Sans, ambayo ni mifupa ile ile lakini miisho imekatwa mraba.

Hizo mbili ziko upande kwa upande, bure. Pakua zote, andika jina lako kwa moja kisha kwa nyingine, kwa ukubwa mmoja, uzito mmoja, rangi moja. Tofauti ni miisho peke yake. Halafu muulize mtu aliye karibu nawe ni yupi kati ya hao wawili angemkopesha simu yake. Mimi nimeuliza watu kumi na moja hadi sasa, na tisa wamechagua yule wa mviringo. Ukurasa wa kupakua unaonyesha majina ya waliochora, na la Vernon Adams liko la kwanza.